Damu yetu, luku ya nani?

Shangazi yangu anayekaa Mbagala aliwahi kuingia kwenye utafiti wa shinikizo la damu. Walimpima, wakamtoa vichupa vitatu vya damu, akasaini karatasi ya kurasa nne, akapewa nauli na soda. Wiki moja baadaye tukiwa barazani akaniuliza, "Hivi mwanangu, kipimo kimoja, vichupa vitatu. Hivyo viwili vimekwenda wapi?" Nikamtania kwamba mumiani wa siku hizi wana fomu. Hakucheka.

Sisi wa pwani tumekua na hadithi za mumiani, mnyonya damu anayevizia watu usiku na kwenda kuiuza. Enzi za mkoloni hofu hiyo iliwaangukia hadi watu wa zimamoto. Wengi katika sekta ya afya huiona kama ushamba wa kutibiwa kwa semina. Mimi naona ndani yake kuna swali la mtu mzima: damu ikishatoka mwilini, nani anafaidika nayo?

Viwili vile, kwa kawaida, huishia kwenye friza. Sampuli za damu, mkojo au tishu huhifadhiwa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, au kwenye nitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, pamoja na taarifa za aliyezitoa. Hiyo ndiyo benki ya sampuli. Utafiti uliomleta mtu ukiisha, sampuli inabaki ikisubiri maswali ambayo bado hayajaulizwa.

Mfano unaosifiwa kuliko yote ni UK Biobank ya Uingereza. Iliandikisha watu 500,000 wa umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, kwa fedha za serikali na za mfuko wa Wellcome. Mtafiti wa nchi yoyote, wa chuo au wa kampuni, anaomba, anahakikiwa, analipa ada, anapewa data. Vinasaba vyote vya watu hao vilisomwa kwa pauni milioni 200, nusu yake ikitoka kwa kampuni nne za dawa. Nazo hazikutoa sadaka: zilipewa miezi tisa ya kuichambua data hiyo kabla ya wengine. Mwishoni mwa 2023 ikafunguliwa kwa wote. Waliojitolea hawakupata gawio. Nadhani ni mapatano ya haki, ila kwa sababu moja tu: Mwingereza akitoa damu na dawa ikapatikana, ana mfumo wa afya wa taifa wa kumfikishia dawa hiyo.

Hapa kwetu mambo ni mengine. Hadi 2018, watu wenye asili ya Ulaya walikuwa asilimia 78 ya waliomo kwenye tafiti za kusaka vinasaba vya magonjwa. Wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 2. Kuanzia 2012 mradi wa H3Africa ulijaribu kupunguza pengo hilo kwa fedha za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na za Wellcome, ukajenga hifadhi Uganda, Nigeria na Afrika Kusini. Mwaka 2022 ukafika mwisho wake. Friza, kwa bahati mbaya, haijui kwamba mradi umekwisha.

Hapo ndipo ubishi wa kupeleka sampuli nje unapoanza. Wanaotaka zibaki wana hoja nzito. Sampuli ikishavuka mpaka, ni vigumu kuifuatilia. Jina la kwanza kwenye makala litakuwa la huko, hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, itasajiliwa huko. Ndiyo maana NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa iliyoundwa mwaka 1979, inadai mkataba maalumu kabla kichupa hakijapanda ndege. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti.

Wanaotaka ziende nao wasibezwe. Sampuli iliyolala miaka kumi bila kuguswa haijamsaidia mgonjwa yeyote, hata kama imelala kwenye ardhi ya nyumbani. Mashine zipo nje, vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vinatoka nje, na anayesubiri kibali kwa miezi mingi ni mara nyingi mwanafunzi wetu wa uzamivu, wala si bepari wa Ulaya.

Ninachoona kinakosekana kwa pande zote mbili ni luku, yaani umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia. Mkazi wa Dar hahitaji kueleweshwa mgao wa umeme; wa mwisho wa 2023 bado tunaukumbuka, samaki wa Feri wakigombea barafu. Friza ya nyuzi 80 haivumilii kuyeyuka na kuganda tena kama samaki asivyovumilia. Inataka jenereta, mafuta, kengele ya tahadhari, na mtu wa kuamka saa nane za usiku. Gharama hizo mara nyingi zimo kwenye ruzuku ya mfadhili wa nje. Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilipositisha utaratibu wa fedha kupitishwa kwa washirika walioko nchi nyingine, tuliona jinsi kamba hiyo ilivyo nyembamba. Tunadai umiliki wa sampuli huku mwingine akinunua umeme. Anayenunua umeme, siku akichoka, ndiye anayeamua kipi kitupwe na kipi kisafirishwe.

Tunao mfano wa nyumbani wa kinachoweza kupatikana. Tangu 2004 Profesa Julie Makani na wenzake Muhimbili wamefuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na kutokana na sampuli zao ukafanyika uchunguzi wa vinasaba vinavyoongoza hemoglobini ya utotoni, ile ambayo ikibaki nyingi mwilini hupunguza makali ya ugonjwa. Kuhusu kuwafuatilia wagonjwa hapa nyumbani, tumeshinda. Lakini tiba ya Casgevy, inayofanya kazi kwa kuirudisha hemoglobini hiyo hiyo, iliidhinishwa Marekani Desemba 2023 kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Sisemi ilitokana na damu ya Muhimbili. Nasema kubakiza sampuli nyumbani hakushushi bei ya dawa. Bei hushushwa na sharti lililoandikwa kwenye mkataba mapema, wakati mwenye kampuni bado anazihitaji sampuli zako.

Kwa hiyo mimi naegemea kuruhusu zisafiri, kwa masharti ya bei na mafunzo, ili mradi pacha wa kila kichupa abaki kwenye friza inayolipiwa na hazina yetu wenyewe. Upande wa zuio utaniita mlegevu. Sawa.

Ile karatasi ya shangazi niliikuta kwenye bahasha ya kadi zake za kliniki. Kuhifadhi sampuli kwa "tafiti za baadaye" kuna mistari miwili na kisanduku, nacho kimewekwa vema. Nikamuuliza kama aliweka yeye. "Yule binti alikuwa na haraka," akasema. "Aliniwekea."