Chema Chajiuza? Hisa Rahisi za Dar na Nairobi, na Ujira wa Kusubiri

Mwanzoni mwa 2020 hisa moja ya Benki ya CRDB ilikuwa ikiuzwa karibu na Sh100 katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Bei hiyo ilikuwa chini hata ya Sh150 ambazo wananchi walilipa mwaka 2009 benki ilipouza hisa kwa umma. Lakini hesabu za mwaka 2019 zilionyesha faida ya takriban Sh120 bilioni baada ya kodi, na hisa zote za benki ni kama bilioni 2.6. Gawanya mwenyewe: kila hisa ilizalisha kama Sh46 ndani ya mwaka mmoja. Kitu kinachozalisha Sh46 kwa mwaka kilikuwa kinauzwa kwa Sh100, na bado wanunuzi walikuwa wa kutafuta.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama msemo huo unafanya kazi hadi kwenye soko la hisa, basi hisa ile ilikuwa na ubaya ambao hesabu hazikuuonyesha. Kama haufanyi kazi huko, basi mtu mwenye subira na kalamu anaweza kuokota mali iliyotupwa. Mabishano yote kuhusu kununua hisa zilizo chini ya thamani yake yamesimama hapo.

Hoja ya upande wa kwanza ni ya Benjamin Graham, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliyeiandika baada ya soko la Marekani kuporomoka mwaka 1929. Aliona kwamba hisa ni kipande cha biashara halisi: kiwanda, mikopo, ghala, madeni. Biashara hiyo ina thamani inayoweza kukadiriwa, na bei ya siku ni kitu kingine kabisa, kwa kuwa inapanda na kushuka kwa hofu na tamaa za watu. Basi kadiria thamani, nunua pale tu bei iko chini yake kwa pengo kubwa, ili hata ukikosea hesabu usiumie sana, kisha subiri. Mwanafunzi wake Warren Buffett aliifanyia kazi hoja hiyo hadi akawa miongoni mwa matajiri wakubwa duniani.

Upande wa pili una uzito wake. Eugene Fama, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alifundisha kwamba bei ya hisa tayari imebeba kila linalojulikana kuhusu kampuni, kwa hiyo unayedhani umeokota dhahabu, mwenzako aliipita akijua ni shaba. Hata hivyo ni Fama huyohuyo, pamoja na Kenneth French, walioonyesha mwaka 1992 kwamba hisa zenye bei ndogo kulinganisha na thamani ya vitabuni, yaani mali za kampuni ukitoa madeni yake, zilikuwa zimelipa zaidi kwa wastani huko Marekani. Maelezo yao ni kwamba faida hiyo ya ziada ni malipo ya kubeba hatari. Mwaka 2013 Fama alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Robert Shiller, aliyekuwa ameonyesha kwamba bei huyumba kupita kiasi zikilinganishwa na magawio yanayozibeba, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa. Waliotofautiana hivyo walipewa tuzo moja, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kesi imekwisha. Tena baada ya 2007, kwa zaidi ya miaka kumi, hisa rahisi za Marekani ziliachwa mbali na kampuni za teknolojia. Miaka kumi ni sehemu kubwa ya maisha ya mtu anayeweka akiba.

Sasa turudi Dar. Soko letu halifanani na la New York, na tofauti hiyo inaibadilisha hoja nzima. DSE ilianza biashara mwaka 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ikiwa TOL, watengenezaji wa gesi za viwandani. Hadi leo kampuni ni chache, na kwa baadhi yake hupita siku nyingi bila hisa kubadilisha mikono. Hisa ya TBL, kampuni ya bia, ilikaa kwenye Sh10,900 kwa miaka. Je, hiyo ilikuwa hukumu ya soko kuhusu thamani ya TBL mwezi baada ya mwezi? Naona ilikuwa alama tu ya mahali muuzaji na mnunuzi wa mwisho walipoachana.

Kwa hiyo nakubaliana na wafuasi wa Graham kwamba kwetu bei inaweza kupotea njia kabisa. Hakuna wachambuzi elfu wanaoisoma mizania ya kila kampuni. Mfuko mkubwa wa nje ukiamua kupunguza mali zake Afrika, huuza kwa sababu zinazotoka makao makuu yake, na mnunuzi wa kumpokea mzigo huo hapatikani kirahisi. Lakini hapohapo ndipo hoja inapowageukia. Wembamba wa soko ulioshusha bei ndio unaoweza kuizuia isipande. Kule New York wengine wakiona pengo wanakimbilia kulinunua, nalo linazibika. Hapa pengo linaweza kukaa miaka kumi, na wewe uko ndani yake na fedha yako. Waliokuwa na hisa za Kenya Airways wanalijua hilo: biashara ya hisa zao Nairobi ilisimamishwa Julai 2020 na kurejea Januari 2025.

Swali ninaloliona kubwa kuliko lile la kama hisa ni rahisi ni hili: thamani iliyofungiwa humo ndani itanifikia kwa mlango gani?

Mlango mmoja ni mtu kuinunua kampuni nzima. Mwaka 2021 Scancem, kampuni ya kundi la HeidelbergCement ambalo tayari lilikuwa likimiliki kampuni ya saruji ya Twiga, ilitangaza kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement kwa takriban Sh137 bilioni. Ukigawanya, ni zaidi ya Sh3,000 kwa hisa moja. Kabla ya tangazo, hisa hiyohiyo ilikuwa sokoni kwa chini ya Sh1,000. Mjuzi wa saruji alikuwa tayari kulipa zaidi ya mara tatu ya bei ambayo wanahisa wadogo walikuwa wakiuziana. Sijui ushahidi gani mzuri kuliko huo kwamba bei ya soko letu inaweza kuwa mbali sana na thamani. Ila mlango huo hauko mikononi mwa mwanahisa mdogo. Baraza la Ushindani liliuzuia mpango ule mwaka 2022, na suala likavutana kwa muda mrefu kabla ya kupata njia nyingine.

Mlango wa pili ni gawio, na hapo nitakaa zaidi.

Rudi kwenye CRDB. Mwaka 2017 faida yake ilishuka hadi takriban Sh36 bilioni, mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa na wakopaji, ikiwa imeilemea, na gawio likawa Sh5 tu kwa hisa. Mwaka 2018 Charles Kimei, aliyeiongoza tangu 1998, alistaafu na Abdulmajid Nsekela akashika usukani. Soko lilikuwa na sababu ya kuogopa, na aliyekaa pembeni mwaka ule hakuwa mjinga. Lakini tazama kilichofuata. Gawio la 2018 lilikuwa Sh8. La 2019 lilikuwa Sh17. Hisa ya karibu Sh100 inayolipa Sh17 ni kusema umeikopesha benki fedha kwa asilimia 17, na ubia wa biashara umepewa juu yake. Taarifa hizo hazikuwa siri, zilichapishwa na kujadiliwa kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, na bado soko lilichukua muda kuzunguka shingo kutazama.

Jambo hili ndilo linalonifanya niamini kwamba njia ya Graham inafaa kwetu. Haikuhitajika kutabiri kwamba benki itapona. Ilitosha kusubiri ipone, ulione gawio, kisha ununue, kwa kuwa soko lilikuwa bado limeshikilia kumbukumbu ya 2017. Gawio la 2020 likawa Sh22, kisha Sh36, Sh45, Sh50, na la 2024 Sh65. Aliyenunua kwa Sh100 mwanzoni mwa 2020 amepokea jumla ya Sh235 kwa hisa katika magawio hayo sita, kabla ya kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Mtaji wake ulikuwa umerudi wote kufikia gawio lililolipwa 2023, bila kuuza hisa hata moja. Kwamba bei nayo ilivuka Sh1,000 mwaka 2025 ni neema ya juu.

Msomaji makini atanikatiza hapa: umechagua mshindi ukijua tayari alishinda. Ni kweli, na ndiyo maana hadithi ya Mumias lazima isimuliwe pamoja na hii.

Kampuni ya sukari ya Mumias, magharibi mwa Kenya, iliingia soko la Nairobi mwaka 2001 kwa KSh6.25 kwa hisa. Kwa miaka kadhaa ilikuwa kipenzi cha wawekezaji wadogo, wakulima wa miwa wakiwemo. Ilikuwa na mashamba, mitambo ya kuzalisha umeme na kiwanda cha ethanoli, na kwa miaka mingi ililipa gawio. Mwaka 2013 ikatangaza hasara ya zaidi ya KSh1.6 bilioni. Bei ikashuka, na watu wakaanza kusema mitambo peke yake ina thamani kuliko bei ya hisa. Kwenye karatasi walikuwa sahihi. Lakini hasara ilifuata hasara, mitambo ikaliwa na madeni, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kulinda fedha za wadai, na hisa zake zikasimamishwa zikiwa na bei ya senti kadhaa. Thamani ya vitabuni haikumfikia mwanahisa mdogo kwa mlango wowote, kwa sababu mitambo ya kampuni inayodaiwa ni mali ya wadai kwanza.

Mumias inaonyesha pia ukomo wa kipimo changu cha gawio. Gawio la miaka ya nyuma halikuzuia kuoza. Lakini lilipokatika, lilitoa ishara wakati bado palikuwa na kitu cha kuokoa. Waliobaki baada ya hapo walikuwa wamehama kutoka kuhesabu hadi kutumaini, na subira ya namna hiyo inafanana na ile ya Graham kwa sura tu.

Kisa kigumu zaidi ni Kenya Power, kwa kuwa kinawapa haki pande zote mbili. Mwanzoni mwa 2024 hisa yake ilikuwa kwenye KSh1.50 hivi. Ilikuwa imetoka kutangaza hasara ya zaidi ya KSh3 bilioni, mikopo yake mingi ilikuwa ya dola na yuro, na shilingi ya Kenya ilikuwa imeshuka hadi karibu 160 kwa dola. Serikali inamiliki asilimia 50.1, kwa hiyo hakuna mtu binafsi ambaye angekuja kuinunua yote. Kisha shilingi ikapanda hadi karibu 130, na mwaka ulioishia Juni 2024 ukaleta faida ya KSh30 bilioni na gawio la senti 70, la kwanza baada ya miaka mingi. Aliyenunua kwa KSh1.50 alilipwa karibu nusu ya fedha yake kwa gawio moja. Je, huyo alikuwa hodari wa kukadiria thamani, au aliweka dau kwenye shilingi likajibu? Naona dau lilikuwa na sehemu kubwa. Mtu aliyesubiri gawio litangazwe mwishoni mwa 2024 alikuta bei imeshapanda maradufu na zaidi, na bado 2025 ikavuka KSh10.

Kuna mshindani ambaye wachambuzi wa hisa humpita haraka mno: serikali. Mwaka 2021 hati fungani ya miaka 25 ya Tanzania, yaani mkopo ambao wananchi huipa serikali, ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, isiyokatwa kodi. Februari 2024 Kenya ilitoa hati fungani ya miundombinu yenye zaidi ya asilimia 18, nayo bila kodi. Mbele ya malipo kama hayo, hisa iliyo rahisi vitabuni lakini hailipi kitu inamgharimu mwenye nayo kila mwaka anaoisubiri, hata kama bei haijashuka senti. Kipimo cha Graham kinahitaji hesabu hiyo iingizwe ndani yake, hasa kwetu.

Naandika haya kwa sababu vijana wengi sasa wananunua hisa kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, na swali ninalolisikia mara nyingi ni hisa gani iko chini. Wanamaanisha hisa ya Sh300 badala ya hisa ya Sh3,000. Mwishoni mwa 2022 hisa ya NMB ilikuwa karibu Sh3,000, na kwa faida ya mwaka huo, Sh429 bilioni kwa hisa milioni 500, kila moja ilikuwa imezalisha zaidi ya Sh850. Hisa ya Sh300 inayozalisha Sh10 ni ghali mara nane kuliko hiyo. Inaniuma kuona fedha ya jasho inapelekwa kwenye kampuni mfu kwa sababu tu tarakimu za bei ni chache.

Na CRDB yenyewe ilipofika Sh1,000 mwaka 2025? Faida ya 2024, takriban Sh551 bilioni, ni kama Sh211 kwa hisa. Kwa bei ya Sh1,000 ulilipa chini ya mara tano ya faida hiyo, ambayo bado ilikuwa kidogo, lakini mwaka 2020 ungelipa mara mbili tu. Gawio la Sh65 kwa bei hiyo lilikuwa asilimia 6.5. Benki ilikuwa imara kuliko mwaka 2020, na ununuzi haukuwa mzuri kama wa wakati ule. Walioikimbilia mwaka 2025 wengi wao walikuwa wameikataa kwa Sh100, na wakati huo taarifa za fedha za mwaka mzima zilikuwa zimechapishwa kwa kila mtu.