Taa Inapozimwa Riwayani: Tafsida Inamsitiri Nani?

Fungua riwaya ya mapenzi ya Kiswahili. Wapendanao wakishafika chumbani, aghalabu utakutana na sentensi hii au ndugu yake: "Wakazama katika dimbwi la mahaba." Taa inazimwa, sura inaisha. Wapo wasomaji wanaomsifu mwandishi kwa staha, na wapo wanaosema amewakimbia wahusika wake.

Watetezi wa tafsida, yaani lugha ya kusitiri yanayoonewa haya, wana hoja nzito. Kitabu kimoja huzunguka mikono mingi: mwanafunzi, mwalimu, mzazi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, uwazi wake kuhusu ngono ulifanya kitabu kipigwe marufuku shuleni Tanzania. Tena tafsida si woga mtupu. Mshairi wa pwani akitaja chungwa, kisima au chombo kilichotia nanga, mtu mzima haulizi bei ya chungwa. Kufumbua fumbo ni nusu ya utamu.

Lakini pwani hiyohiyo ina kungwi, anayemfunda mwali mambo ya chumbani kwa maneno na vitendo, bila kuzunguka. Kwa hiyo haya ya Waswahili haikulizuia neno, ililichagulia mahali. Na riwaya ni mahali gani? Naiona karibu zaidi na chumba cha mwali kuliko baraza la wazee: msomaji yuko peke yake, ukurasa unamnong'oneza.

Dimbwi la mahaba limechujuka kwa kutumika mno, lakini silo linaloniumiza. Linaloniumiza ni tafsida inayofuta nani alitaka na nani hakutaka. "Akamharibu." "Akamaliza haja yake." Nimesoma kurasa ambamo msichana analia, anasukuma, anaomba aachwe, kisha tunaambiwa "tendo la ndoa" likafanyika. Ndoa ipi? Anayesitiriwa hapo ni aliyembaka.

Kiswahili kinaweza kusema kweli bila kutaja kiungo hata kimoja. Linganisha "wakapapasana" na "akampapasa". La pili halituambii lolote kuhusu mwenzake. La kwanza, kwa silabi moja tu, linaonyesha mikono ya wote wawili. Mwandishi makini anaweza kuizima taa baada ya vitenzi vyake kutuonyesha kwamba wote wawili walitaka izimwe. Pale ambapo mmoja hakutaka, aiache ikiwaka, aandike "alimbaka".