Eddie Brown Alifika Wapi?

Mwaka 2006, Arena Football League, ligi ya futiboli ya Kimarekani inayochezwa ukumbini, ilipofikisha msimu wake wa ishirini, ilitangaza orodha ya wachezaji wake ishirini bora wa nyakati zote. Kurt Warner, ambaye kufikia hapo alikwisha kutwaa Super Bowl, yaani fainali ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya uwanja wa nje, na tuzo mbili za mchezaji bora wa ligi hiyo, alipewa nafasi ya 12. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa Eddie Brown, mpokeaji, yaani mdakaji wa pasi, wa timu ya Albany Firebirds, mtu ambaye hakuwahi kucheza mechi hata moja ya msimu wa NFL.

Kila ninapomsimulia mtu habari hii, huniuliza swali lile lile: sasa huyo Brown alifika wapi? Swali hilo linanikera, kwa sababu anayeuliza ameshauchukulia ukumbi kuwa stendi ya kusubiria basi, na mchezaji aliyebaki hapo kuwa abiria aliyeachwa. Nadhani simulizi ya Warner ndiyo iliyotuzoesha kuwaza hivyo. Ni simulizi nzuri na siionei kinyongo: kijana aliyekuwa akipanga bidhaa usiku kwenye rafu za duka la Hy-Vee mjini Cedar Falls kwa dola 5.50 kwa saa, akaenda kurusha mipira katika timu ya ukumbini ya Iowa Barnstormers kuanzia 1995 hadi 1997, akapoteza fainali mbili, kisha miaka miwili na ushei baadaye akawa bingwa mbele ya dunia nzima. Lakini katika simulizi hiyo ukumbi una thamani kwa sababu tu mtu aliondoka.

Mchezo wenyewe ulibuniwa na Jim Foster mwaka 1981, alipokuwa Madison Square Garden, ukumbi wa michezo wa New York, akitazama soka ya ndani, na wazo lake akalichora juu ya bahasha aliyokuwa nayo. Ligi ilianza 1987 ikiwa na timu nne. Uwanja ni wa yadi 50, yaani mita 46 hivi, na upana wake ni futi 85. Timu huchezesha watu wanane badala ya kumi na mmoja, na pembeni hakuna chaki ya kukuambia umetoka, bali kuna ukuta uliovishwa sponji nene. Nyuma ya kila goli, kulia na kushoto kwa nguzo, huning'inia nyavu mbili zilizokazwa, kila moja ikiwa na upana wa futi 30 na urefu wa futi 32, na pasi iliyogonga wavu ikarudi uwanjani bado ni hai mpaka iguse chini.

Ukitaka kujua kwa nini kazi ya mpokeaji wa ukumbini ni fani inayojitegemea, mtazame kabla mpira haujaanzishwa. Kanuni inamruhusu mpokeaji mmoja kukimbia kuelekea mbele kabla ya mpira kuanzishwa, jambo ambalo NFL hairuhusu. Kwa hiyo anarudi nyuma hatua kadhaa, anaanza kuja kasi kama mrukaji wa miruko mirefu anayelifuata bao lake, na anapaswa kuufikia mstari wa kuanzishia mpira sekunde ile ile mpira unapotoka. Akichelewa kidogo, faida yote imekwenda. Akiwahi kwa unyayo mmoja, kitambaa cha njano cha mwamuzi cha kuashiria kosa kiko chini na timu inarudishwa yadi tano. Akipatia, beki aliyesimama mbele yake anakutana na mtu aliyekwisha kushika kasi ilhali yeye mwenyewe bado hajageuka.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, maana mbio zake hazina pa kwenda. Katika uwanja wa nje mpokeaji mwenye kasi anaweza kumkimbia beki na kumwacha na mita kumi za nyasi tupu. Ukumbini, baada ya sekunde mbili au tatu, mpokeaji amekwisha kufika ukutani au chini ya wavu, na kilichobaki ni kiuno, mikono, na kujua bila kutazama kwamba ukuta uko hatua moja upande wa kushoto. Wengi huudaka mpira huku paja likigonga sponji na kiwiliwili kikipinduka upande wa pili, mpaka mchezaji anajikuta juu ya mapaja ya mtazamaji wa safu ya kwanza, katikati ya bisi na soda iliyomwagika. Mpira ukiangukia kwa watazamaji, aliyeudaka huondoka nao nyumbani. Sijui mchezo mwingine wa kulipwa ambao kazi ya mchezaji na jioni ya mtazamaji hugusana kwa namna hiyo.

Brown alifanya kazi hiyo kwa misimu kumi, kuanzia 1994 hadi 2003, mingi akiwa Albany na michache ya mwisho Indiana baada ya timu kuhamishwa. Alidaka mipira ya zaidi ya yadi 12,000 na tachidauni (mipira iliyofikishwa eneo la goli) zaidi ya 300, akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu, na mwaka 1999 Firebirds walipowafunga Orlando Predators 59–48 katika fainali, mbele ya watu wa Albany wenyewe, yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mechi. Nakubali kwamba takwimu hizi zinahitaji tahadhari. Katika mchezo ambao timu inayoshindwa hufunga alama 48, tachidauni si haba, na anayezilinganisha moja kwa moja na zile za NFL anacheza na akili za watu. Lakini hakuna anayempima mchezaji wa futsal kwa kumuuliza angefanya nini kwenye uwanja wa soka wa kawaida.

Kama ni kubishana, tubishane ndani ya ukumbi. Hata mimi orodha ya 2006 sikubaliani nayo, na Warner hahusiki. Mpaka kufikia 2007 wachezaji wengi walilazimika kucheza pande zote mbili, kushambulia na kulinda, na aliyetolewa hakuweza kurudi hadi robo iliyofuata. Brown alikuwa miongoni mwa waliosamehewa: nafasi yake ilikuwa ya mtaalamu wa mashambulizi, hivyo timu ilipopoteza mpira alikaa benchi akapumua. Barry Wagner wa Orlando, na baadaye San Jose SaberCats, hakupata pumzi hiyo. Alidaka pasi za upande wake, kisha akageuka kwenda kumkaba mpokeaji wa wenzake, na tuzo ya mchezaji bora wa pande zote mbili aliichukua mara sita. Ligi ilimweka wa pili. Mimi ningempa ya kwanza, na mtu wa Albany akinikasirikia kwa hilo, tutakuwa tumeufikia mjadala ninaoutaka.

Kilichowadhulumu watu hawa ni wenye ligi. Wachezaji walikuwa imara kuliko taasisi iliyowaajiri. Msimu wa 2009 ulifutwa na ligi ikafilisika. Iliporejea 2010, mchezaji alilipwa dola 400 kwa mechi, kiasi ambacho mpokeaji anayegonga ukuta kila wiki angeweza kukimaliza kwa kodi na mafuta ya gari. Machi 2012, wachezaji wa Pittsburgh Power walipotishia kugoma usiku wa mechi ya ufunguzi, waliambiwa wamefukuzwa wakiwa bado mezani, wakila chakula cha kabla ya mchezo, na wengine wakatafutwa kujaza nafasi zao. Kufikia 2018 timu zilikuwa nne tu, idadi ile ile ya 1987, na mwaka 2019 ligi ikafunga tena milango. Jaribio la 2024 lilianza na timu 16, na kabla ya msimu kwisha karibu nusu yake zikawa zimekwisha kutoweka.

Brown ana mwana ambaye bila shaka wasomaji wengi wanamjua: Antonio Brown, aliyechaguliwa na timu ya NFL ya Pittsburgh Steelers katika raundi ya sita ya uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2010 na kuwa mmoja wa wapokeaji hatari zaidi wa NFL kwa takriban muongo mzima. Kwa kipimo cha wale wanaoniuliza baba alifika wapi, mwana alifika. Mwaka 2023, akiwa na jina na fedha ambazo ukumbi haukuwahi kumpa baba yake, Antonio aliingia katika umiliki wa Albany Empire, timu ya ukumbini ya mji ule ule ambao baba yake aliuletea ubingwa wa 1999. Mwezi Juni mwaka huo, msimu ukiwa bado katikati, ligi yake, National Arena League, iliifukuza timu hiyo kwa kutolipa ada zake.