Pikipiki Nyepesi ya Silinda Moja: Ijaribie Barabarani Mombasa, Si Uani mwa Duka

Ukisikiliza mazungumzo ya vijiweni kuanzia Mwembe Tayari hadi Bombolulu, pikipiki hupimwa kwa mambo mawili: ina cc ngapi, yaani ukubwa wa injini, na inakimbia hadi ngapi. Naona yote mawili hayana uzito mkubwa hapa kwetu. Pikipiki ya Mombasa hukaa muda mwingi chini ya kilomita 40 kwa saa, juani, nyuma ya matatu inayoshusha abiria katikati ya njia, tuktuk ikiwa ubavuni. Kinachostahili kupimwa ni tabia yake ikienda polepole, ikiwa imepata moto, na ikiwa imebeba mtu. Hayo hayajulikani kwa kuzunguka uani mara mbili na kupiga resi mbele ya muuzaji.

Silinda moja ina mwenendo wake. Katika injini ya mipigo minne, pistoni hiyo moja huchoma petroli mara moja tu katika kila mizunguko miwili ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Katikati hapo krenki huzungushwa na uzito wake wenyewe. Mizunguko ikishuka sana, tuseme chini ya 2,500 kwa dakika ukiwa gia ya nne, kila mchomo huja kama pigo: cheni hulegea na kukaza, pikipiki hurukaruka, na raba zilizo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ndizo zinazoumia. Hapo ndipo wengi huilaumu pikipiki kwamba ni mbovu, kumbe gia ndiyo kubwa mno.

Watengenezaji hulitatua jambo hili kila mmoja kwa njia yake. Bajaj Boxer ya 150, yenye takriban nguvu farasi 12, imepangwa ivute kuanzia chini, kwa sababu ilikusudiwa mizigo na abiria. Pulsar NS200, pia ya Bajaj, ina cc 199.5 na karibu maradufu ya nguvu hizo, lakini nguvu zake zimekaa juu, kuelekea mizunguko 9,500. KTM 390 Duke ya kabla ya mwaka 2024, yenye cc 373, hufika nguvu farasi 43 hivi. Ziweke zote tatu kwenye foleni ya Barabara ya Digo saa kumi na moja jioni. Boxer itatambaa gia ya pili mkono wako ukiwa mbali na klachi. Duke itakulazimisha ushike klachi nusu nusu kila mara, na joto la injini litakupanda mguuni. Mpeleke yuleyule mwenye Duke kwenye njia ya Mtwapa hadi Kilifi, hutamsikia akilalamika. Basi swali la kwanza ni hili: saa zako nyingi utazimalizia wapi?

Kwa anayekaa Bamburi au Mikindani na kufanya kazi kisiwani, mimi ningechagua pikipiki ya cc 150 hadi 160 inayopozwa kwa hewa, yenye breki ya diski mbele. Ya cc 200 ni kwa anayetoka Mtwapa au mbali zaidi kila siku. Ya 390 ni ya raha, na raha si dhambi, ila usijidanganye kwamba unainunua kwa ajili ya kazi.

Sasa jaribio lenyewe. Lifanywe kati ya saa tano na saa nane mchana, wakati joto ni kali. Muuzaji aambiwe mapema asiiwashe injini kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, gusa kifuniko cha injini. Kikiwa cha moto, kuna kitu kinafichwa, mara nyingi ni ugumu wa kuwaka ikiwa baridi. Iwashe mwenyewe na utazame eksozi. Moshi wa buluu unaotoka wakati wa kuwasha tu kisha ukakatika huelekeza kwenye sili za vali. Ukitoka kila unapofungua mafuta, pete za pistoni zimechoka, na hiyo ni kazi ya kufungua kichwa cha injini na silinda.

Ikiwa imetulia inanguruma, zungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Sauti ya injini isibadilike. Ikipanda, kebo ya mafuta imepitishwa vibaya na inavutwa, na siku moja itakupandisha mwendo ukiwa unakata kona. Kisha kaa kitini na uguse chini. Si lazima visigino vifike, lakini vidole na sehemu ya mbele ya nyayo za miguu yote miwili zikae imara. Katika mteremko wa kuingilia feri Likoni, bati limelowa maji ya chumvi na watu wanapita pande zote, ni mguu huo ndio utakaokushikilia.

Njia nzuri ya jaribio ni kuanzia katikati ya mji, upande wa Digo, uvuke Daraja la Nyali, uzunguke Links Road, kisha urudi. Ndani yake mna kila kitu.

Kwenye foleni, weka gia ya pili na uende polepole kadiri inavyoweza bila kushika klachi. Funga mafuta, fungua kidogo, funga tena. Pikipiki nzuri hubadilika kwa upole. Inayoshtuka na kuruka ina moja ya matatizo matatu: kebo ya mafuta imelegea (uchezaji wa milimita 2 au 3 unatosha), cheni imelegea, au mchanganyiko wa petroli na hewa haukupimwa sawa. Mbili za kwanza ni kazi ya dakika chache. Ya tatu kwenye kabureta fundi mzuri ataisawazisha, lakini kwenye mfumo wa sindano wa elektroniki, unaonyunyiza petroli badala ya kabureta, inahitaji kifaa cha kusoma kompyuta, na si kila fundi wa mtaani anacho. Hii ndiyo sababu siwacheki wanaong'ang'ania kabureta, ingawa mfumo wa sindano huwaka vizuri zaidi na hula petroli kidogo.

Injini ikishapata moto, simama utafute gia huru. Ikigoma kupatikana, au pikipiki ikijisukuma mbele huku umeikaza klachi yote, klachi haiachii kabisa. Kinyume chake hupimwa hivi: gia ya tatu, kilomita 40 kwa saa, fungua mafuta kwa nguvu. Mizunguko ikipaa bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Sababu mojawapo ni kutiwa mafuta ya injini ya gari. Klachi ya pikipiki nyingi za namna hii huogelea ndani ya mafuta yaleyale ya injini, na baadhi ya mafuta ya gari yana viungo vya kupunguza msuguano. Chupa inayofaa huandikwa JASO MA au MA2.

Jambo moja linalowakanganya wanaotoka kwenye pikipiki za kazi: baadhi yake gia zote hukanyagwa upande mmoja, lakini kwenye pikipiki za barabarani gia ya kwanza ni chini na zilizobaki huinuliwa juu. Usipokuwa macho utashuka gia badala ya kupanda.

Darajani, hasa wakati wa kusi, ndipo wepesi unapodai haki yake. Upepo wa ubavuni huisukuma pikipiki ya kilo 120 kuliko unavyotarajia, na sanduku la nyuma huongeza tatizo. Huhitaji kukimbia, kilomita 50 kwa saa zatosha. Legeza mikono uone kama inarudi yenyewe kwenye mstari. Ikiwayawaya hata upepo ukitulia, shuku tairi, beringi za usukani, au bushi za mkono wa nyuma, yaani chuma kinachoshika gurudumu la nyuma. Na mtetemo usiutafute kwa mwendo bali kwa gia: weka ya tatu, shikilia mizunguko 5,500 hadi 6,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika tatu. Silinda moja lazima itetemeke, lakini vidole vikianza kufa ganzi kwa muda huo mfupi, fikiria safari ya nusu saa.

Links Road kukiwa kweupe, piga breki ya mbele kwa nguvu kiasi kutoka kilomita 40. Kishikio kinachodunda mkononi kwenye pikipiki isiyo na ABS (mfumo wa kuzuia gurudumu kujifunga) kinaonyesha diski imepinda. Kisha mpakie mtu mzima nyuma na upite matuta. Wengi husahau hatua hii, halafu wakishanunua wanashangaa shokabzoba za nyuma zinagonga mwisho kila tuta na taa ya mbele inamulika minazi. Nyingi zina ngazi kadhaa za kukaza springi, kwa hiyo omba zikazwe na ujaribu tena kabla ya kuikataa.

Ukirudi, zima injini, subiri dakika tano, uwashe tena. Hili nalipa uzito kuliko yote. Ikizungushwa na kukataa kushika ikiwa moto, huenda nafasi ya vali imebana au koili ya plagi imechoka, na itakuzimikia mahali ambapo hupendi. Yenye rediata iache imesimama inanguruma hadi feni ianze yenyewe. Isipoanza joto likipanda, kazi ipo.

Kwa pikipiki iliyotumika, adui wa pwani ni chumvi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: rangi mpya na stika hazikuambii lolote. Piga magoti na tochi. Paipu za shokabzoba za mbele zikiwa na vidonda vya kutu kwenye sehemu inayoingia na kutoka, zitachana sili kila utakapozibadilisha, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni sili tu. Angalia spoku pale zinapoingia kwenye rimu, mkunjo wa eksozi chini ya injini, na mapezi ya rediata. Fungua kifuniko cha tanki umulike ndani, maana kutu ya tanki huziba kabureta na kuua pampu ya petroli. Chomoa soketi moja ya nyaya nyuma ya taa. Ukiona ukijani, tarajia matatizo ya umeme yasiyo na mwisho. Betri ipimwe kwa mita: volti 12.4 au zaidi injini ikiwa imezimwa, 13.5 hadi 14.5 ikiwa inanguruma na umepiga resi kidogo. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukihisi inanasa katikati, matuta yameshakula beringi. Tairi nazo zina tarehe, tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba iliyokaa juani miaka mingi huwa ngumu, na ugumu ni kuteleza mvua ya Aprili ikianza, hata kama meno yake bado ni marefu.

Makaratasi yasichukue maneno mengi. Namba ya chasisi kwenye shingo ya usukani na namba ya injini zilingane na logbook (hati ya umiliki), na rekodi itafutwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa namba ya usajili, ionekane kama ina jina la aliyesimama mbele yako. Pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo, na jina la mkopeshaji likiwa bado liko kwenye rekodi, deni linakuja nayo. Usiijaribu isiyo na bima.

Kabla ya kutoa hela, pita maduka matatu ya vipuri uulizie bei ya kebo ya klachi, pedi za breki, seti ya cheni na sproketi, chujio la hewa, na sahani za klachi. Kama hata kebo ya klachi utaambiwa isubiriwe kutoka Nairobi, hiyo pikipiki muachie mwingine. Na meno ya sproketi ya nyuma yakiwa yamechongoka na kuinama, bei ya seti nzima uliyoiulizia itolewe kwenye bei ya pikipiki palepale, pamoja na gharama ya fundi.