Qigong na ahadi ya kuishi miaka mingi

Mwaka 1973 wataalamu wa mambo ya kale walifungua kaburi huko Mawangdui, Changsha, China, wakakuta kitambaa cha hariri chenye picha za watu 44, wake kwa waume, wengine wameinama, wengine wamejinyoosha na kuinua mikono. Kaburi lenyewe lilifungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Kwa hiyo anayedai kwamba mazoezi ya kupumua ya Wachina yamebuniwa juzi ili watu wauze kozi mtandaoni amekosea. Ila ukongwe si ushahidi kwamba yanarefusha maisha, na ubishi wote uko hapo.

Leo mazoezi haya yanajulikana kwa jina la qigong. Unasimama, magoti yamelegea kidogo, unavuta pumzi puani taratibu mpaka tumbo lijae, kisha unaitoa taratibu zaidi huku mikono ikiifuata. Seti inayopendwa sana ni Baduanjin, yenye miondoko minane. Ipo pia ya wanyama watano, yaani simbamarara, kulungu, dubu, nyani na ndege, ambayo Wachina huinasibisha na tabibu Hua Tuo wa zama za utawala wa kifalme wa Han. Wenye kuyaamini husema mwilini hupita qi, nguvu ya uhai, na kwamba ikikwama ndipo maradhi huanza.

Nianze na watetezi, maana hoja zao ni nzito kuliko wapinzani wengi wanavyotaka kukiri. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akishuka hadi mara 6 hivi, mapigo ya moyo na msukumo wa damu huanza kwenda kwa pamoja, vihisio vya presha vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua huitikia vizuri zaidi, na neva zinazoutuliza mwili hupata nafasi. Hayo yanapimika maabara bila kuitaja qi hata mara moja. Kwa wagonjwa pia kuna matokeo, hasa ya taijiquan, ambayo ni ndugu wa karibu wa qigong. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la wagonjwa 195 wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka mwili, huko Oregon, Marekani: waliofanya taijiquan walipata uthabiti zaidi wa kusimama, na walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Mwaka 2024 watafiti wa Beijing walitoa matokeo ya watu 342 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda. Baada ya mwaka mmoja, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 7 kwa waliofanya taijiquan, na kwa takriban 4.6 kwa waliofanya mazoezi ya kawaida ya kuchangamsha moyo.

Wakosoaji hujibu kwamba majaribio haya hayawezi kufichwa. Dawa hulinganishwa na kidonge kisicho na kitu ndani, lakini hakuna anayefanya taijiquan bila kujua kwamba anaifanya, na matumaini yake, mwalimu wake na wenzake wa asubuhi bustanini vyote vinaingia kwenye hesabu. Ni hoja ya haki. Kwa maoni yangu, hata hivyo, inayatikisa zaidi maelezo ya qi kuliko faida yenyewe. Kama sehemu ya nafuu inatoka kwa wenzako wa bustanini, bado ni nafuu.

Nisipoweza kuwa pamoja na watetezi ni kwenye umri. Bado inasambazwa hadithi ya Li Ching-Yuen wa Sichuan, aliyefariki 1933 akidaiwa kuwa na miaka 256. Umri mkubwa kuliko wote uliothibitishwa kwa nyaraka ni miaka 122, wa Jeanne Calment, Mfaransa. Tena, mwaka 1949 wastani wa kuishi China ulikuwa kama miaka 35, ukivutwa chini na vifo vya watoto wachanga. Sasa ni kama 78. Pumzi na miondoko ilikuwepo karne zote hizo. Walioiongezea China miaka hiyo ni chanjo, maji safi, chakula na wakunga.

Ahadi iliyozidi kipimo imeleta madhara. Miaka ya 1950 Liu Guizhen, kada wa Chama cha Kikomunisti huko Hebei aliyesema mazoezi haya yalimponya vidonda vya tumbo, aliyaingiza kwenye kliniki yakiwa yamevuliwa miungu na maombi. Miaka ya 1980 yakageuka homa ya taifa. Wakaibuka mabingwa waliodai kutibu kwa kutuma qi kutoka mbali, na hata mwanasayansi wa roketi Qian Xuesen akawaunga mkono. Baadhi ya wafuasi walichanganyikiwa akili, hali ambayo madaktari wa akili wa China na Marekani waliiandika kwenye miongozo yao. Mwaka 1999 serikali ikapiga marufuku kundi la Falun Gong, lililochanganya mazoezi ya aina hii na imani ya kiroho, na kuwafunga wafuasi wengi, kisha chombo cha michezo cha taifa kikachagua seti nne rasmi. Usafishaji huo ulisukumwa na hofu ya siasa kuliko sayansi, na walioumia hawakustahili. Lakini Baduanjin haikufa kwa kupunguziwa madai.

Anayenigusa zaidi ni Guo Lin, aliyeugua saratani ya kizazi na miaka ya 1970 akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake katika bustani za Beijing kutembea wakipumua kwa mpango. Watu waliokuwa wamekata tamaa walipata sababu ya kuamka asubuhi, na mimi silichukulii hilo kuwa jambo dogo. Ila Guo Lin alikuwa amefanyiwa upasuaji, tena zaidi ya mara moja, na wengi wanaosimulia kupona kwake hukiruka kipande hicho. Mgonjwa anayeisikia hadithi hiyo nusu ndiye anayeacha matibabu. Vivyo hivyo kwa presha: ikishuka baada ya miezi ya mazoezi, daktari mwenye vipimo mkononi ndiye wa kupunguza vidonge, na mwalimu anayekwambia uviache siku ya kwanza ni wa kukimbiwa, hata kama miondoko anayofundisha ni mizuri.