Bega Langu Halikutaka Mabavu

Bega la kushoto lilipoanza kugoma, majirani walijua dawa kabla yangu. Nikapelekwa kwa bibi mmoja anayesifika mtaani kwa kuchua, mwenye vidole kama koleo. Alinivuta mkono hadi nikapiga ukelele, naye akacheka: "Ukiona unalia, ujue unapona, mwanangu." Usiku huo sikulala. Wiki ya pili, hata kufunga sidiria nikawa naomba msaada.

Nina kisukari, na sisi wenye kisukari mabega yetu huganda kuliko ya wengine. Kifuko kinachokizunguka kiungo huvimba, kisha husinyaa na kuwa kigumu. Ukikivuta kwa nguvu kingali kinauma, unakichokoza tu.

Hospitali nilimkuta kijana wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi, ambaye siku ya kwanza nilidhani ananipotezea muda. Alishika mkono wangu karibu kabisa na kwapa, akawa anausogeza kidogokidogo, kama mtu anayebembeleza mtoto asiamke.

"Ni hivi tu?"

"Kwa leo ni hivi tu, mama. Likiuma tunalibembeleza. Maumivu yakipungua ukabaki mkazo, ndipo tutalisukuma."

Baadaye nikajua kuwa upole ule una ngazi zake. Geoffrey Maitland, mtaalamu wa fiziotherapia wa Australia, alizipanga: ya 1 na ya 2 haziufikii mkazo, ni za kutuliza maumivu, ya 3 na ya 4 huuingia, ni za kulegeza. Mwenzake wa fani hiyo, Brian Mulligan wa New Zealand, yeye alitaka mtaalamu akisogeze kiungo huku mgonjwa akiunyanyua mkono mwenyewe, tena kwa sharti kwamba isiume. Sharti hilo ningependa wachuaji wetu waliazime. Msuli uliochoka kwa jembe au ndoo, wachue. Mikono yao nimeifaidi miaka mingi. Kiungo kilichoganda ni habari nyingine. Na kikiwa chekundu, cha moto, kimevimba, una homa, kisiguswe na yeyote, kimbilia hospitali.

Lakini nina ugomvi pia na zile kliniki za kukuwashia taa ya joto dakika 20, lipa, njoo kesho, hakuna aliyekugusa. Na nina ugomvi na mimi mwenyewe. Nilipewa mazoezi mawili: kupandisha vidole ukutani, na kushika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, mkono mzima uusukume ule mgonjwa kwenda nje. Nilipoyategea wiki mbili, alichokilegeza kijana Jumatatu kilikuwa kimekaza tena Alhamisi.

Simpi sifa zote. Bega la namna hii mara nyingi hulegea lenyewe taratibu, pengine likamaliza mwaka na zaidi. Ila miezi hiyo nililala usingizi, na hilo kwangu si dogo.

Sasa mkono unafika kisogoni, mgongoni bado. Juzi sokoni yule bibi aliniona nikipandisha kikapu begani. "Si nilikwambia!" akasema, uso umemjaa ushindi. Nikamwamkia, nikaendelea kuchagua nyanya.