Paka dume asiyekojoa hangoji kukuche

Kama unafuga paka dume, kuna ishara moja unayopaswa kuijua kuliko nyingine zote. Anaingia kwenye beseni lake la maranda, anachuchumaa, anakaza, anatoka bila kuacha kitu, na punde si punde anarudi kujaribu tena. Huyo hana kiburi wala hajasahau adabu. Mkojo umekataa kutoka. Ukimwona hivyo saa tano usiku, safari ya kwa daktari ni saa tano hiyo hiyo.

Nalisema kwa ukali kwa sababu naishi Umoja, mtaa wa Nairobi, kwenye ploti ambayo karibu kila orofa ina paka wa mtu, na nimeona jinsi ishara hii inavyosomwa vibaya. Paka akijikunja na kukaza, watu wanaamua kwamba amefunga choo. Mlinzi wetu, mzee mwenye huruma anayewabakishia paka mifupa ya samaki, huwa na dawa moja: "Mama Eli, mpe mafuta ya kupikia kijiko kimoja, asubuhi atakuwa sawa." Mafuta hayazibui kibofu. Yakimiminwa kwa nguvu kinywani yanaweza kuingia kwenye mapafu, na sasa paka ana magonjwa mawili. Baya zaidi ni ule usiku mzima unaopotea mkisubiri choo ambacho hakikuwa na tatizo.

Mambo yako katika maumbile. Mrija wa mkojo wa paka jike ni mfupi na mpana. Wa dume ni mrefu, na ukifika kwenye uume unakuwa mwembamba mno, hivi kwamba ute kidogo uliochanganyika na fuwele, yaani chembe ngumu kama mchanga, unatosha kuuziba. Figo nazo haziachi kazi. Zinaendelea kutengeneza mkojo, kibofu kinajaa hadi pomoni, shinikizo linarudi juu, mwisho figo zenyewe zinashindwa kuchuja. Taka zilizopaswa kutoka zinabaki kwenye damu pamoja na madini ya potasiamu, na potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na kuyapunguza hadi moyo usimame. Paka aliyezibwa kabisa anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Akianza kutapika, kukataa chakula na kulegea, ujue muda mwingi umeshapita.

Kabla ya hapo huwa ameshakuonyesha. Analamba sehemu za siri bila kukoma. Analia akichuchumaa. Anakojoa vitone, pengine vyenye damu, bafuni au kwenye sinki au juu ya nguo ulizokunja, mahali ambapo hajawahi kukojoa. Watu wengi humchapa paka kwa kosa hilo, na inaniuma kila nikisikia. Ukimpapasa taratibu tumboni, karibu na miguu ya nyuma, kibofu kilichojaa utakisikia kikiwa kigumu kama chungwa. Usikiminye, kinaweza kupasuka. Paka jike naye huugua kibofu na anastahili daktari, ila kuzibwa kabisa ni nadra kwake. Dume ndiye wa kukimbizwa.

Na tafadhali, usimpe panadol. Naliandika peke yake kwa sababu kila nyumba Nairobi ina panadol, na mtu akimwona mnyama anaumia mkono unaenda kwenye kabati la dawa. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja dawa hiyo kama letu. Inaharibu damu yake hadi ishindwe kubeba oksijeni, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua. Dawa nyingine za maumivu za binadamu, kama diklofenaki na ibuprofeni, huharibu figo, na figo ndizo zilizo hatarini tayari.

Chui, dume langu la rangi ya kijivu, alizibwa usiku wa siku ya wiki. Nilimtia kwenye kikapu chenye mfuniko, nikapanda bodaboda. Daktari alianza na dripu na kupima damu kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu potasiamu ikiwa juu hata dawa ya usingizi inaweza kummaliza. Kisha alimlaza kwa nusukaputi, akapitisha mpira mwembamba wa mkojo, akausukuma uchafu kwa maji ya chumvi hadi njia ikafunguka. Mpira ukaachwa ndani, Chui akalazwa. Nilidhani kuzibuliwa ndiyo mwisho wa kazi. Kumbe figo zikishafunguliwa zinaweza kumwaga mkojo mwingi ajabu, na paka akakaukiwa na maji kama haangaliwi kwa dripu. Ndiyo maana simwamini mtu anayesema atamzibua paka wako na kukurudishia saa ileile uende naye nyumbani.

Sasa pesa. Matibabu haya ni ghali. Kwa wengi wetu tunaoishi kwa nyumba za kupanga, bili inaweza kupita kodi ya mwezi. Hapo ndipo unaposikia lile neno: paka ni paka tu, mwache, utachukua mwingine. Simlaumu mtu asiyekuwa na pesa. Mwenye watoto wa kulipiwa karo hawezi kuhukumiwa kwa bili ya mnyama, na mimi sitamhukumu. Lakini kumwacha paka afe mwenyewe chini ya kitanda kwa kuzibwa mkojo si kumwacha. Ni kumtesa. Kama pesa hazipo kabisa, mpeleke kwa daktari adungwe sindano ya kumlaza asiamke. Najua neno hilo linawachoma wengi, na wapo wanaoamini kwamba Mungu ndiye achague saa. Mimi naamini aliyemfungia mnyama ndani ya nyumba yake amechukua dhamana ya maumivu yake. Sindano hiyo inagharimu kiasi kidogo kuliko matibabu, na inamwondolea mateso ambayo wewe na mimi tungelia kwa dakika kumi tu za kuyapitia.

Jambo jingine linalonikera ni sindano za antibayotiki. Paka akikojoa damu, mtu anashuka hadi kwa agroveti, duka la dawa za mifugo na mazao, anauziwa dawa ya ng'ombe iliyopunguzwa kwa kukisia, na huko anaambiwa ni infeksheni. Kwa paka vijana na wa makamo, bakteria ndio chanzo kwa nadra. Mara nyingi kibofu kinavimba bila sababu moja inayoonekana, na mfadhaiko una mkono wake. Kwa paka wazee, waliopita miaka kumi, maambukizi huwa ya kawaida zaidi, na huko pia kuna kisukari na ugonjwa wa figo wa kuangaliwa. Hakuna anayejua ni kipi bila kupima mkojo. Hata vijiwe vinavyojijenga kibofuni havifanani, kila aina ina madini yake: vya struviti vinaweza kuyeyushwa kwa chakula maalumu, vya kalsiamu oksaleti haviyeyuki, vinatolewa kwa upasuaji. Sheria ya mwaka 2011 iliyounda Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya inataka anayetibu wanyama awe amesajiliwa. Tuna Kabete, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha madaktari wa mifugo kwa miongo mingi. Huu si mji usio na wataalamu. Tumezoea tu kuwaona kuwa wa ng'ombe, na wa mbwa wa matajiri wa mtaa wa Karen.

Tukirudi nyumbani, ninachoona kina uzito kuliko vyote ni maji. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa maeneo makavu, ambaye bado yuko hapa Kenya. Mnyama huyo alipata maji yake kwenye mwili wa panya na ndege aliowala, kwa hiyo kiu yake ni ndogo na mkojo wake ni mzito. Sisi tunampa chakula kikavu cha kupimiwa kwa kilo, chenye maji kama asilimia 10, au omena zilizokauka, kisha tunashangaa. Nyama mbichi ina maji kama asilimia 70. Si lazima ununue mikebe ya supamaketi. Loweka omena hadi zilainike. Chemsha mapafu au matumbo ya ng'ombe, bila chumvi na bila kitunguu, kwa sababu kitunguu ni sumu kwake, na umpe pamoja na supu. Ukimpa chakula kikavu, kimwagie maji ya uvuguvugu. Weka bakuli za maji zaidi ya moja, mbali na beseni la choo.

Umoja tunajua siku za mgao. Mfereji ukikauka, jerikeni ni za kupikia na kuoga, na bakuli la paka ndilo linalosahauliwa, au linabaki na maji ya juzi yenye vumbi. Wengine huuliza kama maji ya kisima yenye chumvichumvi ndiyo yanayoleta vijiwe. Mimi nasumbuliwa zaidi na kiasi anachokunywa kuliko maji yametoka wapi. Ila kama hapendi ladha yake hatakunywa, kwa hiyo mbadilishie uone.

Mfadhaiko nao tunauchukulia kama ugonjwa wa binadamu pekee. Kuhama nyumba, mtoto mchanga, fataki za mwaka mpya, mjengo wa jirani unaogongwa nyundo mchana kutwa, paka wa nje anayekuja dirishani kumtisha: vyote hivyo huwasha kibofu cha paka mwenye mwelekeo huo. Bedsita haina nafasi, lakini ina ukuta. Mpe rafu ya juu ya kupanda na boksi la kujificha. Beseni liwe safi kila siku, na ukiwa na paka wawili weka mabeseni matatu, au angalau mawili kama nafasi inakubana. Cheza naye jioni. Kama amenenepa mpunguzie, kwa sababu paka wanene waliofungiwa ndani huziba zaidi.

Paka aliyewahi kuzibwa anaweza kuzibwa tena, hasa siku na wiki za mwanzo baada ya mpira kutolewa. Chui alirudi nyumbani na dawa za maumivu, na mimi nikawa nachungulia maranda yake kila asubuhi kabla ya kuchemsha chai, nikihesabu mabonge yaliyoloa. Bado nahesabu. Wanaoziba mara kwa mara hufanyiwa upasuaji wa kupanua njia, na wengi huishi vizuri baadaye.

Kama una dume, leo mchana mpigie daktari wako na umuulize kama hupokea wagonjwa usiku. Akisema hapokei, muulize wateja wake huwaelekeza wapi, uihifadhi namba hiyo kwenye simu, na umpe pia mtu mnayeishi naye. Kisha tafuta kikapu chenye mfuniko.